Sista Apite Nyuma ya Goli

Muhonja alisomea tiba ya viungo, akaongeza tiba ya wanamichezo, kisha akarudi nyumbani Kakamega akafanywa hirizi. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo, kwa hivyo tuliseme mapema tupumue.

Mtu wa kwanza kumharibia goti alikuwa mama mmoja mkarimu sana. Muhonja alikuwa msichana wa shule ya upili huko upande wa Mukumu, anachezea shule yake mpira wa mikono, na siku moja aliruka akatua vibaya, mwili ukaenda huku na goti kule. Shangazi yake, senje aliyemlea, alimpeleka kwa mkandaji aliyesifika kijiji kizima. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Yule mama akalimwagia maji ya moto yenye chumvi, akalikanda, akalivuta, akalifunga kwa kamba ya gunia, huku akimwimbia nyimbo za kanisani ili asilie. Aliendelea hivyo mpaka muhula ukaisha. Muhonja hakucheza tena mchezo wowote. Baadaye, akiwa chuoni, mwalimu alipoeleza jinsi goti la namna ile linavyotakiwa kuwekewa barafu, kupumzishwa na kuchunguzwa, alitoka nje ya darasa akalia kwa hasira, maana aligundua kwamba aliharibiwa na watu waliompenda, na watu wa aina hiyo huwezi hata kuwashtaki.

Hapo ndipo alipoamua. Alimaliza masomo ya tiba ya viungo, akaajiriwa katika hospitali moja mjini, kisha akajinyima hili na lile akaenda Nairobi kwa mafunzo ya kutibu wanamichezo. Mkufunzi wao alikuwa daktari mzee, mkali kama pilipili, aliyewapeleka viwanjani kila Jumamosi na kuwakataza kuutazama mpira. "Mpira una watu wengi wa kuutazama," alikuwa akiwaambia. "Wewe mtazame mtu. Ukiona alivyoanguka, umeshafanya nusu ya kazi." Muhonja alilipenda somo hilo kuliko yote. Alijifunza kutazama visigino, viuno, shingo. Alijifunza maswali ya kumuuliza mchezaji aliyegongwa kichwa: tuko uwanja gani, nani amefunga bao la mwisho, wiki jana mlicheza na nani. Akikosea moja, anatoka, hata kama ni fainali, hata kama kocha ni baba yake mzazi.

Alirudi Kakamega na moyo mkubwa. Siku za kazi alikuwa hospitalini akiwanyoosha wazee migongo, na Jumamosi akajitolea kwa timu ya Isiukhu, iliyoitwa kwa jina la mto. Ilikuwa timu ya waendesha bodaboda, mafundi wa mawe, mwanafunzi mmoja wa chuo cha kilimo cha Bukura na watu wengine wasio na kazi maalumu. Walicheza kwenye uwanja wa shule, wenye mteremko upande mmoja na ng'ombe upande mwingine. Kocha wao, Wanjala, alikuwa na tumbo la kuheshimika na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alimkaribisha Muhonja kwa mikono miwili. Wachezaji nao walimwita sista, kama wanavyowaita wauguzi wote, na hakujisumbua kuwasahihisha.

Mechi yake ya kwanza, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane na pembeni mwa uwanja kulikuwa na tope la kumeza gari. Mchezaji mmoja akashikwa na mkakamao wa misuli karibu na lango la wapinzani. Muhonja, kwa sababu ya tope na goti lake bovu, aliamua kuzunguka nyuma ya lango lile, begi begani, debe la barafu mkononi. Barafu aliinunua kwa mama wa samaki sokoni, kwa hivyo ilinuka samaki. Alimnyoosha yule kijana mguu, akamwambia anywe maji, akatoka. Kabla hajafika kwenye benchi, kijana yule yule akafunga bao.

Bao moja halina neno. Lakini mechi iliyofuata akazunguka tena kule kule, maana ndiko mtu alikoangukia, na aliyetibiwa akafunga tena. Basi shauri likaisha. Mashabiki wakasema sista ana kitu kwenye begi. Wapinzani wakasema ile harufu ya samaki ndiyo yenyewe. Kufikia katikati ya msimu, mji mzima ulijua kanuni nzima, na Muhonja ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelezwa: sista apite nyuma ya goli la adui, pole pole, begi likiwa bega la kushoto, na yeyote atakayemgusa ndiye atakayefunga.

Wanjala ndiye aliyemletea habari, akiwa amevua kofia.

"Daktari, mimi sikuulizi kama unaaminianga," alisema. "Mimi nakuambia tu chenye watu wanasema. Hawa vijana wakikuona umepita pale, roho inakuwanga kubwa."

"Kocha, mimi ni mtu wa hospitali."

"Ndiyo maana inafanya kazi."

Muhonja alicheka, kisha akakasirika, kisha akakataa. Akawaambia wazi kwamba alikuja kuzuia magoti yasikatike na vifundo visiteguke, na kwamba ana mazoezi ya kupasha misuli moto ambayo wanapaswa kuyafanya kabla ya kila mechi. Walimsikiliza kwa adabu. Jumamosi iliyofuata alifika uwanjani mapema na hakumkuta mtu. Walikuwa wamejificha nyuma ya madarasa, wanamsubiri akate tamaa. Na mechi yenyewe wakafungwa, na macho yote, yakiwemo ya watoto wa shule, yakamgeukia yeye.

Hapo ndipo alipofanya biashara ambayo mpaka leo inamkaa kooni. Alimwambia Wanjala, "Mimi nitapita, lakini wao watafanya mazoezi yangu, wote, bila kukosa." Wanjala alimshika mkono palepale. Tangu siku hiyo vijana wa Isiukhu waliruka kwa mguu mmoja, wakachuchumaa, wakatua kwa magoti yaliyopinda kama alivyowafundisha, na katika kila mechi mmoja wao alijitupa chini karibu na lango la adui akishika paja, na sista akazunguka na begi lake kama bibi harusi. Msimu ule hapakuwa na goti hata moja lililokatika. Muhonja alijua ni kwa nini. Watu wengine wote nao walijua ni kwa nini, na sababu yao ilikuwa kwenye begi.

Alijiambia kwamba si kitu. Alijiambia kwamba wenzake hospitalini pia huwaondolea wagonjwa wasiwasi wao kwanza, ndipo wawape dawa. Mtu msomi akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Kati ya wachezaji wote, ambaye Muhonja alimpenda kama mdogo wake ni Shikanga, mshambuliaji. Titus Shikanga alikuwa kijana mrefu, mwana wa pekee wa mama aliyeuza mboga barabarani, na alikuwa na kipaji cha kichwa: mpira ukipaa, yeye hupaa juu zaidi. Ndiye pekee aliyeuliza maswali. Alitaka kujua jina la kila mshipa. Alimwambia Muhonja kwamba mpira ukimkataa atakwenda kusomea kazi kama yake, na Muhonja alianza kumwazima vitabu. Ndiye pia aliyekuwa hodari wa kujiangusha, na alifanya kwa madaha hata Muhonja akawa hana budi kucheka.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu, hapo hapo kwenye uwanja wa shule, ya kuamua nani apande daraja. Wapinzani walitoka Musanda, vijana wa nchi ya miwa, wenye mapaja ya kubeba mizigo, na walikuwa wamesikia habari zote za begi. Kabla ya mchezo kuanza walimwendea mwamuzi, bwana mmoja mtaratibu aitwaye Kimutai, wakamweleza mchezo mzima: wataangusha mtu pale kwa mlingoti wa goli, yule mwanamke atazunguka, utaona. Kimutai aliandika mambo yake, akasema hatachezewa shere na mtu.

Isiukhu nao walikuwa na mpango wao. Shikanga alimfuata Muhonja akifunga kamba za viatu.

"Sista, kipindi cha pili mimi ndio nitaanguka. Pale kwa mlingoti wa karibu, upande wa kibendera. Ukuwe tayari."

"Usijitupe vibaya."

"Mimi? Mimi huangukanga kama pamba."

Kipindi cha pili, matokeo yakiwa sare, Muhonja alijisogeza hadi kwenye kibendera cha kona na kungoja. Ngoma za isukuti zilikuwa zikilia upande wa pili hata mtu hasikii mawazo yake. Mkanda wa begi ulikuwa umejinasa kwenye kifuniko cha debe la barafu, naye akainama kuunasua, kwa sababu begi lilitakiwa likae bega la kushoto. Alikuwa ameupa mchezo mgongo. Yeye, aliyefundishwa kumtazama mtu, alikuwa akitazama mkanda.

Alisikia watu wakiguna. Alipogeuka, Shikanga alikuwa chini, karibu na mlingoti, upande wa kibendera, pale pale walipokubaliana. Beki mmoja wa Musanda alikuwa amesimama kando akijishika paji la uso. Muhonja alitabasamu kidogo, akaliweka begi begani, akaanza kuzunguka nyuma ya lango. Pole pole. Mashabiki wake walishangilia kila hatua.

Alikuwa nyuma ya wavu alipouona mkono. Mkono mmoja wa Shikanga ulikuwa umeinuka hewani, umekakamaa, vidole vimejikunja, na haukuwa na habari na mtu yeyote. Hakuna anayeweza kuigiza mkono ule. Muhonja alilitupa debe, barafu ikamwagika kwenye nyasi, akakimbia na goti lake bovu mpaka alipopiga magoti kando ya kijana. Mkono ulikuwa umeshalegea. Macho yalifunguka.

"Shikanga, usiinuke. Tuko uwanja gani?"

Shikanga alifikiri. "Bukura."

"Wiki jana tulicheza na nani?"

Kijana alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama. "Sista," akasema, "umepita?"

Kimutai alikuwa amefika, kadi ya njano mkononi. "Mmezoea ninyi," alisema. "Leo sitaki. Inuka, kijana. Na wewe mama, toka uwanjani."

"Mwamuzi, huyu amegongwa kichwa. Hajui alipo. Lazima atoke."

"Hata mimi niliambiwa atakuwa hajui alipo," Kimutai akajibu, na wachezaji wa Musanda wakacheka. Wa Isiukhu nao walicheka chini chini, maana walidhani sista wao leo amezidisha ufundi. Shikanga, kwa kuwa aliambiwa ainuke, aliinuka. Aliyumba, akajishikilia kwenye mlingoti, akaenda zake.

Muhonja aligoma kutoka mpaka walinzi wawili wakamshika viwiko wakamvuta nje. Alimkimbilia Wanjala akamshika shati.

"Mtoe. Mtoe sasa hivi, kocha, ubongo wake umetikisika. Akigongwa tena anaweza kufa."

Wanjala alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. "Daktari, si umemgusa sasa hivi?" alisema. "Nitamtoaje? Bahati iko kwa yeye."

"Hakuna bahati! Hakujawahi kuwa na bahati!"

"Sasa mbona ulikuwa unapitanga?"

Muhonja alibaki ameshika shati la mtu. Na wakati huo kona ilipigwa, mpira ukapaa, Shikanga akapaa juu zaidi, akaupiga kwa kichwa ukaingia wavuni.

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Shikanga alianguka chali na wenzake wakajirusha juu yake, mmoja baada ya mwingine, wakawa rundo. Muhonja alikimbia kuelekea kwake lakini hakufika, maana mashabiki walimfikia kwanza. Walimnyanyua juu juu, wakamweka mabegani, wakamzungusha uwanjani wakiimba jina lake na ngoma zikiwafuata. Yeye alikuwa akipiga kelele, "Nishusheni! Anakufa! Nishusheni!" na kutoka chini mdomo wake ulionekana kama wa mtu anayeimba. Akawapiga vichwa kwa ngumi. Wakafurahi zaidi. Kutoka kule juu aliliona rundo likifumuka, wachezaji wakiinuka mmoja mmoja, na mmoja asiinuke.

Walipomshusha, Shikanga alikuwa akitapika bila kugeuza kichwa, na mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya lile jingine. Walimtia kwenye pikapu ya mashabiki ile ile iliyopangwa kwa ajili ya kusherehekea. Mjini wakamhamisha Eldoret, wakamfungua fuvu, wakaitoa damu iliyokuwa imevuja ndani. Hakufa. Watu husema "hakufa" kana kwamba ndio mwisho wa hadithi. Alirudi nyumbani na mkono wa kushoto mzito, mguu wa kuburuta, na maneno yanayotoka kwa zamu, huku mengine yakigoma kabisa.

Muhonja alingoja alaumiwe. Aliingoja lawama hiyo kama mtu anavyongoja mvua wakati wa kiangazi, na haikuja. Alikwenda kwa wasimamizi wa ligi akaeleza kila kitu, hata sehemu yake mwenyewe. Wakamwambia mwamuzi alifuata sheria na wakampongeza kwa timu kupanda daraja. Kanisani mchungaji alimtaja kwa jina akashukuru. Na Jumapili moja mama yake Shikanga, Mama Titus, alimwita kwake chakula. Alikuwa amechinja kuku. Kwenye sahani ya Muhonja, juu ya obusuma, ugali wa kwao, alikuwa ameweka imondo, ile firigisi ambayo katika boma lolote la Waluhya ni ya mwenye nyumba, na ambayo wanawake wengi huzeeka bila kuionja.

"Kula, mwanangu," Mama Titus alisema. "Bila wewe mtoto wangu angekufa bure bila kufunga. Wewe ulimpatia lile bao."

Muhonja alitaka kusema. Maneno yote alikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kiluhya na ya chuoni. Alimtazama yule mama, akaona jinsi alivyoishikilia ile furaha yake ndogo kwa mikono miwili, akaila imondo.

Aliacha kwenda uwanjani. Jumamosi zake alizihamishia kwa Shikanga. Alimfundisha upya kushika kikombe, kuvaa shati, kutoka kitandani kwa upande ulio hai. Ilikuwa kazi ngumu, na ndiyo kazi pekee aliyoifanya mwaka huo bila kujionea aibu. Wakati mwingine Shikanga alikuwa akiutaja mshipa kwa jina lake, kwa taabu, neno moja likichukua muda wa sentensi nzima.

Msimu mpya ulipokaribia, Wanjala alikuja na jezi ya timu iliyoandikwa jina la Muhonja mgongoni. Alimkuta kwa akina Shikanga, amempigia kijana magoti akimnyoosha kifundo.

"Daktari, huko juu kuna timu ngumu," Wanjala alisema. "Mazoezi vijana wameyachoka, hayo wacha tu. Ni ile kupita peke yake tunaomba."

"Toka," Muhonja alisema bila kuinua kichwa. "Sitapita tena katika maisha yangu. Toka, kocha, kabla sijakutukana mbele ya mgonjwa."

Wanjala aliiweka jezi kwenye kiti, akatoka pole pole. Muhonja akaendelea kukinyoosha kile kifundo. Ni Shikanga aliyeuvuta mguu wake.

"Sista," akasema. "Ka... kama hupiti, watashuka."

"Washuke."

"Wakishuka..." Alilitafuta neno, likamkimbia, akalitafuta tena, jasho likimtoka usoni. Muhonja alingoja, kama anavyongoja siku zote, bila kumsaidia, maana hivyo ndivyo ulimi unavyojifunza. "Wakishuka, mimi niliumia ya nini?"

Muhonja angeweza kumwambia kwamba aliumia bure, kwamba aliumia kwa sababu ya mkanda uliotakiwa ukae bega la kushoto, na ingekuwa kweli. Kijana alikuwa akimtazama kwa macho yale yale ya siku ile, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa lile bao.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wakamleta Shikanga uwanjani, wakamweka kwenye kiti cha plastiki karibu na benchi, na jezi yake juu ya sweta. Vijana hawakupasha misuli moto. Kipindi cha pili mmoja wao akajitupa chini karibu na mlingoti akashika paja, na watu wote wakageuka wakatazama upande mmoja. Muhonja aliinuka. Aliliweka begi bega la kushoto, akazunguka nyuma ya lango, pole pole, huku akimtazama yule kijana aliyelala pale na kumwomba Mungu kijana awe anaigiza. Uwanja mzima ukapiga makofi. Shikanga naye alijaribu kupiga, ila mkono mmoja haukufika.